Jumapili Wanaume Wote Waliposimama

Dada yangu Aaltje alipopata mimba kabla ya ndoa, kijiji chetu cha Hoogwerf kilifanya jambo ambalo hulifanya vizuri kuliko vijiji vyote vya kando ya mto: kilinyamaza. Hakuna aliyetutukana wala kutugombeza. Watu walinyamaza tu, tena kwa sauti kubwa sana.

Mimi nilikuja nyumbani mwisho wa juma kutoka shule ya bweni, ile ya watoto ambao wazazi wao huishi kwenye meli za mizigo. Baba na Mama walikuwa mbali Ujerumani na shehena ya changarawe. Aaltje, mwenye miaka kumi na tisa, anaishi na Bibi, na mimi nikiruhusiwa kutoka shuleni hulala hapo hapo. Jumamosi asubuhi nilimsindikiza dada dukani kununua mkate. Tulipoingia, wanawake waliokuwa wakizungumza waligeuka wote kutazama keki, kana kwamba keki ndiyo kwanza zimeletwa duniani.

"Mkate mmoja," aliuliza mke wa mwoka mikate, "au siku hizi mnanunua miwili?"

"Mmoja, na uukate," Aaltje alijibu. "Huyu wa pili bado hajaota meno."

Mwanamke mmoja alishikwa na kikohozi, ikabidi atoke nje. Nilimheshimu dada yangu kupita kiasi. Lakini tulipofika barabarani hakucheka.

"Dukani naweza, Teunis," alisema. "Kesho ndiyo siwezi."

Kesho yake ilikuwa hivi. Katika kanisa letu, waliofanya walichofanya Aaltje na mchumba wake Wouter husimama mbele ya watu wote, Mchungaji akawauliza kama wanajuta, nao wakajibu ndiyo. Baada ya hapo wanaweza kufungishwa ndoa kanisani, na mtoto akabatizwa. Bila hivyo, hakuna ndoa wala ubatizo. Aaltje hakukataa. Alisema atajibu ndiyo na atamaanisha. Kilichomnyima usingizi ni kwamba angesimama peke yake.

Jambo hilo alikuja kulieleza Mzee Kloosterman, mzee wa kanisa, mchana ule ule wa Jumamosi, amevaa suti nyeusi na uso unaofanana nayo. Bibi alimmiminia kahawa, akamsogezea kopo la biskuti kama ilivyo desturi, akalifunga kabla hajachagua.

"Aaltje amekwisha kukiri imani mbele ya kanisa," Mzee alisema. "Ni mshiriki kamili. Wouter amebatizwa tu, hajakiri. Asiye mshiriki kamili haitwi kuungama mbele ya washirika. Ndiyo kanuni."

Wouter alikuwa amekaa karibu na jiko. Ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, ana mikono yenye alama za cheche, na maneno yake kwa siku hayajazi kijiko. Alisafisha koo.

"Mzee," alisema, "na mimi nilikuwepo."

Bibi aligeukia dirishani haraka. Mabega yake yakawa yanatikisika.

"Hilo hatuna shaka nalo, kijana," Mzee alijibu bila hata nukta ya tabasamu. "Lakini ukisimama kesho bila kuitwa, utakuwa umevuruga ibada. Na baraza litalazimika kuifikiria upya habari ya ndoa."

"Kwa hiyo mjukuu wangu asimame peke yake, kama vile mimba aliiokota sokoni," Bibi alisema.

"Ndivyo kanuni ilivyo, mama."

"Iliandikwa na wanaume, hiyo. Kahawa nyingine?"

Mzee alisema imetosha.

Alipoondoka, Aaltje alimgeukia Wouter. "Kanisa zima litaniangalia. Nitasimama pale kama mlingoti, na wewe umekaa na baba zako unamung'unya peremende."

"Nitasimama."

"Ukisimama hawatatufungisha. Umemsikia."

Hapo ndipo nilipoona wajibu wangu. Kanisani kwetu wanawake huomba wamekaa, wanaume huomba wamesimama. Ndivyo walivyofanya mababu na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Sasa, mahubiri ya kwetu ni marefu, yana sehemu tatu, na sehemu ya tatu ina watoto wake. Yanapokwisha, nusu ya wanaume huwa wamelala fofofo ndani ya suti za sufu nyeusi. Neno "tuombe" hawalisikii. Wanachosikia ni viatu vya jirani vikikwaruza sakafu, nao hunyanyuka na macho yamefumbwa. Kwenye bwalo la bweni letu nimelichunguza jambo hili kwa uangalifu wa kisayansi. Ukisimama ghafla katikati ya chakula na kuinamisha kichwa, meza nzima husimama, na wakiwa wamefumba macho unaweza kuchukua nyama ya jirani bila haraka.

"Wouter," nilisema, "huruhusiwi kusimama kuungama. Lakini nani atamkataza mwanamume kusimama kuomba?"

Aaltje alinikazia macho. "Kanisa si bwalo la shule yenu."

"Najua. Kule kanisani wanalala zaidi."

"Sikia, wewe. Mimi sitaki kichekesho. Nataka asimame pamoja nami, basi. Ukikifanya kiwe kichekesho chako, sitakusamehe mpaka uzeeni."

Niliapa kwa uso wa mazishi. Na kwa kweli sikutarajia makubwa. Nilitarajia benchi letu moja tu, watu wachache wa kumzunguka Wouter ili asionekane mkaidi.

Jumapili joto lilikuwa la kuokea mikate. Kwetu wanawake hukaa katikati na wanaume pembeni, kwa hiyo nilimwona Aaltje vizuri, yuko kando ya Bibi, amenyooka, mkono tumboni. Wazee wa kanisa walikuwa kwenye benchi lao kando ya mimbari. Mzee Kloosterman alikuwa akitafakari, kidevu kimegusa tai. Sehemu ya tatu ya mahubiri ilijifungua, watoto wake wakakua, wakaenda zao. Mchungaji, kijana aliyehamia kwetu majuzi, akashika karatasi.

"Dada yetu Aaltje asimame."

Aaltje alisimama. Ukimya uliokuwa kijijini wote ukahamia mle ndani.

Wouter alisimama, akainamisha kichwa, akashikanisha mikono. Nami nikasimama, nikaikwaruza sakafu ya mbao kwa viatu vyote viwili kama farasi anayerudi nyuma. Benchi letu likanyanyuka. Benchi la mbele likasikia, likanyanyuka. Sauti ya viatu ikapita kando ya ukuta mpaka nyuma, ikavuka upande wa pili, na mwishowe ikawafikia wazee. Mzee Kloosterman aliruka juu kama mtu aliyeitwa kwa jina, akafumba macho zaidi, akakaza mikono kifuani. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyebaki amekaa.

Mchungaji aliinua uso kutoka kwenye karatasi, na mdomo wake ukabaki wazi.

Jicho moja moja likaanza kufunguka, kwa kuwa sala ilikuwa haisikiki. Mwoka mikate alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwona Aaltje amesimama, akaelewa. Wengine nao wakaelewa. Na hapo likatokea jambo ambalo mimi, pamoja na elimu yangu yote ya bweni, sikulipanga: hakuna aliyethubutu kukaa. Kukaa wakati huo, mbele ya mkeo na mama mkwe wako, kulikuwa ni kutangaza kwamba katika jambo hili wewe u safi tangu kuzaliwa. Na Hoogwerf kila mtu anajua ni kifungua mimba wa nani aliyewahi sana kuja duniani, na bado akazaliwa mnene. Mwoka mikate alikunja magoti kidogo. Mkewe akamtazama. Akayanyoosha.

Kisha Bibi akasimama. Yeye hakuwa amelala, na wanawake wa kwetu hawasimami kuomba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba amesimama kwa bahati mbaya. Aliweka kitabu cha zaburi kwenye benchi, akamshika Aaltje mkono, akamtazama Mchungaji kama anayengoja basi.

Mchungaji alirudi kwenye karatasi, akasoma. "Je, unakiri mbele za Mungu na kanisa lake kwamba umeivunja amri ya saba, isemayo usizini, nawe wajuta?"

"Ndiyo," Aaltje alisema, kwa sauti iliyotulia.

"Ndiyo," alisema Wouter, kwa sauti anayotumia karakanani kushinda nyundo.

Na kutoka upande wa wanaume wazee, polepole, ikaja ndiyo ya tatu. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Wake kadhaa walitumia mchana mzima kutafuta.

"Tuombe," Mchungaji aliwaambia watu waliokwisha kusimama.

Mzee Kloosterman alifika kwetu kahawa ya baada ya ibada ikiwa bado moto. Alinitazama mimi kwanza.

"Nani alianza?"

"Kuomba, Mzee?"

Aliniacha, akamgeukia Bibi. "Wenzangu wanaona jambo lile lirudiwe Jumapili ijayo, kwa utaratibu."

"Lirudiwe," Bibi alisema. "Safari hii wanaume wakae. Wewe kaa wa kwanza, uwaonyeshe wenzako. Mkeo atakuwa anakuangalia, kama kawaida."

Mzee alizungusha kikombe kwenye kisahani mara nyingi. Wouter alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Aaltje, na hakuketi.

"Nadhani limekwisha," Mzee alisema hatimaye.

"Na Wouter?" Aaltje aliuliza. "Yeye hakuitwa. Nataka nijue kabla hujatoka. Nilisimama peke yangu, au tulisimama wawili?"

Mzee alimtazama Wouter. "Hakuitwa," alisema. "Lakini aliulizwa pamoja na sisi sote tuliosimama, na alijibu. Tulimsikia wote. Nitaliandika hivyo." Akanyanyuka, akachukua kofia yake. "Ndoa mwezi ujao, Alhamisi mtakayoichagua. Gauni jeupe haliruhusiwi, unajua."

"Sikulitaka jeupe. Nitavaa la bluu, na nitalitanua kiunoni."

Mzee alifika mlangoni, akasita.

"Mwezi ujao joto litazidi," alisema. "Litanue vya kutosha."