Kitanda cha Ufunguzi

Jumanne ya tarehe kumi na moja Juni, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, saa nne asubuhi, Luseno alisukuma kwa bega mlango wa wodi ya zahanati mpya mtaani Mowlem. Mkewe Asenath alikuwa mgongoni. Alikuwa na pumu, na tangu alfajiri pumzi yake ilipiga mluzi kama birika. Utepe wa ufunguzi ulikuwa bado unaning'inia kwenye kitasa. Ndani hamkuwa na kitanda wala mashine ya oksijeni. Kulikuwa na sakafu safi kabisa, na juu yake alama nne za magurudumu.

Nesi alikuja akijifuta mikono. Alisema vifaa viliondoka, kana kwamba vina miguu, kisha akaandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Tuktuk waliyopanda ilikuwa haijafika hata barabara ya lami mluzi uliponyamaza.

Luseno hakumuuliza nesi vifaa vilikwenda wapi. Siku kumi na nane kabla ya hapo, jioni ya ufunguzi, wageni wakishaondoka, ni yeye aliyekifunga kitanda kile kwa kamba nyuma ya pikapu. Willis, kijana anayepanga sherehe za wakubwa, alimwambia kinapelekwa ofisini kusajiliwa na kitarudi Jumatatu. Luseno alipiga mafundo mawili, akayavuta kuona kama yameshika, akapewa soda, akainywa.

Hilo hakumwambia mtu. Watu aliwaambia viongozi ndio waliomuua mke wake, na aliwaambia kwa sauti kubwa, kwenye duka la maziwa, kanisani, kwa kinyozi. Uongo haukuwemo. Ila kila akilisema alijisikia kama anayepiga ngoma ili jirani asisikie kinachogongwa nyumbani kwake.

Kazi yake ni kukodisha hema na viti. Shule aliiacha darasa la nne. Aliyoyajua kuhusu binadamu alifundishwa na viti. Kuna kiti cha plastiki kitupu, na kuna kile kile kiti kikivishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe mgongoni. Mpe mtu cha kwanza, atakaa miguu wazi na kutafuna miwa. Mpe cha pili, atakunja mguu juu ya goti na kuanza kusema Kiingereza. Alishaona matangani watu wakilia huku jicho moja linatafuta kamera. Alishaona mchungaji akimuuliza mpiga picha kama aombe tena. Siku hizi hakumwamini hata anayemsalimu. Akiambiwa pole, alitazama mikono ya anayesema.

Alikuwa pia na tabia moja ya kazi. Kwenye sherehe vitu huchanganyika, meza yako inaondoka na sufuria ya mwingine, kwa hiyo kila kilichoshuka kwenye gari alikipiga mstari wa rangi nyekundu upande wa chini kabla mtu hajauliza ni cha nani. Asubuhi ile ya ufunguzi pale Mowlem, mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya kitanda cha wodi na kukipiga mstari. Alipomsimulia Asenath, mkewe alicheka mpaka akashika kifua.

"Siku moja utanipaka na mimi," alisema.

Februari mwaka uliofuata, Willis alipiga simu. Zahanati nyingine ilikuwa inafunguliwa Ijumaa, mtaa unaoitwa Tena. Viti mia mbili, hamsini vya kitambaa. Wageni wengine walikuwa wanatoka ng'ambo. Luseno alikuwa ameapa kutomfanyia Willis kazi tena. Lakini watu wa mtaa walikuwa wameacha kumwita. Nani anataka hema la arusi likija na mtu anayelaani? Akakubali. Alijiambia anafuata riziki. Hata hilo hakuliamini. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kile kitanda kiko wapi.

Ijumaa saa mbili alikuwa ameshasimamisha hema. Willis alikuwa anawafundisha kina mama mahali pa kupiga makofi: mheshimiwa akinyamaza mara ya kwanza, tulia, akinyamaza mara ya pili, piga. Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu ilipendeza kama furaha ya kweli.

Luseno alibeba viti viwili vya kitambaa kupeleka wodini. Kitandani, ndani ya gauni la wagonjwa, blanketi mpaka kidevuni, alikuwa amelala Nafula, jirani yake muuza mandazi. Mashine ya oksijeni ilisimama pembeni, haijachomekwa kwenye umeme.

"Baba Kweyu, usinichekeshe," Nafula alisema. "Nimeambiwa mimi ni mama wa nimonia."

"Na kesho?"

"Kesho mandazi. Kwani wewe kesho utakuwa nani?"

Luseno aliweka viti chini, akapiga magoti kama mtu aliyedondosha ufunguo, akainamisha kichwa chini ya kitanda. Kwenye chuma cha upande wa kichwani, chini ya vumbi, palikuwa na mstari mwekundu. Mwisho wake ulipinda kushoto kidogo, kama ilivyopinda mistari yake yote.

Alikaa pale chini mpaka Nafula akauliza amepoteza nini.

"Hiki kitanda nilikifunga kamba mimi. Mstari wangu mwekundu uko hapa chini," alisema kwa sauti ndogo.

"Kamba gani?"

"Ile siku ya Mowlem. Nikawapakilia kwa pikapu. Halafu nikampeleka Mama Kweyu kwa chumba kitupu."

Nafula aliinuka akaketi. Yeye ndiye aliyeuosha mwili wa Asenath. Ngoma zote za Luseno alikuwa amezisikia, na hili ndilo alilokuwa halijui. Alimtazama, na Luseno, ambaye hutazama mikono ya watu, aliiona ya Nafula ikikunja blanketi taratibu.

Willis alichungulia mlangoni. "Mama mgonjwa, lala. Mheshimiwa ako kwa geti. Na wewe mzee, usiende mbali. Jioni utatusaidia kupakia."

Luseno alitoka. Pikapu ilikuwa imeegeshwa nyuma ya choo, uso ukielekea barabarani. Alichukua kamba yake, akarudi nayo, akasimama kando ya mlango wa wodi.

Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akaingia na wageni wake na kamera zake, akainama juu ya kitanda, akauliza mama anajisikiaje. Nafula alikuwa amepewa maneno ya kusema, sita tu. Alifungua mdomo, akaufunga. Akageuza uso ukutani.

Mheshimiwa akanyamaza. Wodi nzima ikatulia. Akauliza tena, akanyamaza mara ya pili, na nje, chini ya hema, kina mama waliokuwa wakimsikia kwa spika wakapiga makofi barabara kama walivyofundishwa. Makofi yalipoisha, Luseno alikuwa ameshaingia ndani. Alijua viti mia mbili hivi ndivyo vya mwisho Willis atakavyokodi kwake, labda vya mwisho mtaani. Hakupaza ile sauti yake ya dukani. Alisema kama anavyouliza mtu hema liwekwe upande gani.

"Mheshimiwa, kitanda hiki mara ya kwanza nilikifunga kamba mimi. Leo kitalala wapi?"

Mheshimiwa alimtazama Willis. Willis aliitazama kamba. Mgeni mmoja wa ng'ambo alimwinamia mwenzake, akitaka kuelezwa kimesemwa nini. Na Nafula, bado amelala kama mgonjwa, uso bado ukutani, alikuwa ameteremsha mkono mmoja chini ya kitanda, vidole vinapapasa chuma, vinatafuta rangi.