Nyamusi Wawili

Kwenye kioo cha kompyuta, mama yake Ombui alikuwa amezaliwa Marani, ameolewa na mfinyanzi na kuzaa mapacha. Ombui alisoma mara tatu, midomo ikimcheza. Mama yake alikuwa mtu wa Itumbe, kwenye mashamba ya chai, na mapacha hakuzaa.

"Binti, huyu ni nani?"

"Si Nyamusi huyo, Mzee?" Kusum alimjibu.

"Jina lake. Mambo si yake."

Ombui alikuwa amekuja duka la vyuma la Pankaj, mjini Kisii, kwa shida moja tu. Binti yake Valentine alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto alingojea kupewa jina la marehemu wa ukoo. Ombui alitaka apewe la dada yake, kifungua mimba wa mama, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Jina hilo alilisikia mara moja maishani: mwezi wa pili, mama alipokaa kwenye kiti hikihiki akisimulia kwa Kiekegusii, Ombui akitafsiri mbiombio na Kusum akichapa kwenye kompyuta. Halikumkaa akilini. Pasaka ikaja na kiharusi, mama akafungika ulimi.

Mwaka huo wa 1999, Kusum, binti wa Pankaj, alikuwa amepata nafasi ya bure kwenye seva ya ng'ambo, mashine moja inayotunza miradi ya watu wengi. Akasimika humo tovuti tatu za aina iitwayo wiki: ya Itumbe, ya Marani na ya Keroka. Wiki, alimweleza, ni kurasa ambazo msomaji yeyote anaweza kuziongeza au kuzifuta. Ombui, aliyeishia darasa la nne, alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Sasa Kusum alibofya huku na huku, kisha akatulia ghafla.

"Makosa ni yangu," alisema. "Wiki ni tatu, lakini zote nilizielekeza kwenye folda moja. Mwalimu Gesare wa Marani alifungua ukurasa wa nyanya yake, Nyamusi, akakuta habari za watu asiowajua. Akadhani zimekosewa. Akafuta, akaandika zake."

Pankaj alicheka kutoka kwenye kaunta. "Milango mitatu, stoo moja! Mimi nikipanga misumari hivyo, nitamuuzia nani?"

"Papa, ningejuaje? Kwani hawa wana Nyamusi wangapi?"

"Kila boma," Ombui alisema. "Anayekufa anaacha jina, anayezaliwa analichukua. Umekulia hapa, hata hilo hujui?"

Kusum aligeukia kibodi.

"Haya, rudisha yangu."

"Seva haitunzi ya zamani, Mzee. Inatunza ya mwisho tu."

"Ya zamani iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo popote."

Hilo lilikataa kumwingia. Kitu kikichomwa huacha majivu. Kikiibwa, kuna anayekishika. Lakini maneno ya mama yake yalikuwa hapa, mbele ya macho yake, na mtu wa heshima kabisa alikuwa ameyafuta bila kumchukia yeyote. Amkasirikie nani?

"Basi mfute na huyu wa Marani!"

Kusum alimsogezea kibodi. "Hata wewe unaweza. Bonyeza hapa."

Kidole kilisimama hewani. Macho yalikuwa yamekwisha kusoma: Nyamusi aliogopa radi, na ikipiga alijifungia ghalani akaimba kwa nguvu ili asiisikie. Mama yake yeye hakuogopa radi. Aliogopa nini, basi? Ombui alitafuta kichwani, akakosa. Miaka hamsini na mtu mmoja, naye hajui hata hilo. Akarudisha mkono.

"Mpe wangu nyumba yake," alisema.

Kusum alitenga folda, akafungua ukurasa mweupe. "Niandike nini?"

"Nyamusi wa Itumbe alizaa sita. Wa kwanza alikuwa msichana."

"Aliitwa nani?"

"Acha nafasi hapo. Kubwa."

Alitoka bila kuaga. Barazani, mwanamke mzee alikuwa ametua mkungu wake wa ndizi, anajifuta shingo.

"Mama, unatoka wapi?"

"Huko juu, karibu na Itumbe. Kwani nimekukosea nini?"

"Unamjua Nyamusi? Natafuta jina la kifungua mimba wake."

Mwanamke alimtazama kama anayepima akili zake. "Nyamusi yupi?"

Ombui aliketi chini kando ya ndizi zake. Akafungua mdomo amweleze mama yake, akaona hajui aanzie wapi.