Nafasi Nyuma ya Viatu vya Mwalimu

Dirisha la namba za kumwona daktari lilikuwa bado limefungwa, lakini foleni ilikuwa imeshajipanga kwenye baraza la hospitali: kandambili, raba, makubazi yaliyofungwa kwa waya, jozi nyuma ya jozi, zote zikielekea dirishani. Wenyewe walikaa pembeni kwenye mabenchi, peku, wakila wali wa kunata na kupiga miayo. Ndivyo tunavyopanga foleni kwetu. Mzee hawezi kusimama tangu alfajiri, viatu vyake vinaweza.

Thongbai aliinama kuweka kandambili za mama yake nyuma ya viatu vyeusi vya Mwalimu Prasat, mstaafu aliyemfundisha kusoma yeye na nusu ya kijiji.

"Usivibananishe na vya mwalimu," alisema mama yake, Bibi Phaeng, kutoka kwenye benchi. Haoni vizuri, lakini alikuwa ameshauliza viatu vya mbele ni vya nani. "Acha nafasi. Kandambili za shambani zimkanyage mwalimu kisigino?"

"Mama, ni viatu tu."

"Acha nafasi, nimesema."

Thongbai akaacha nafasi, ya kupita paka.

Daktari wa macho huja kutoka mjini mara moja kwa mwezi, na namba zikiisha, zimeisha. Mwezi uliopita walikosa kwa sababu basi liliharibika njiani. Jicho la kushoto la Bibi Phaeng limeshazima. La kulia, nesi wa zahanati alisema presha ya ndani imepanda, lisipotibiwa mwezi huu nalo litazima, na likizima halirudi tena.

Kero za baraza zilikuwa zile zile. Kijana mmoja alikuwa akiangalia ndondi kwenye simu, sauti juu kabisa, kama vile wote tuliomba. Mama mmoja alikuwa ameukalisha mkoba wake kitini, na mzee mwenye magongo amesimama mbele ya huo mkoba akiutazama. Hayo tumeyazoea. Mtu anasonya moyoni, anaendelea na wali wake.

Thongbai akampeleka mama yake chooni. Waliporudi, akamwona Orathai, mwenye duka la vipodozi sokoni, amesimama katikati ya foleni na mfuko wa plastiki. Alikuwa anatoa viatu humo, jozi moja baada ya nyingine, na kuvipachika nyuma ya vya mwalimu. Nafasi haikutosha. Basi akanyoosha mguu, akazisukuma kandambili za Bibi Phaeng nyuma. Kwa mguu! Moja ikapinduka, soli juu.

Kwetu hata mtoto mdogo akigusa kitu cha mtu mzima kwa mguu, anavutwa sikio papo hapo. Yule kijana wa ndondi alisimamisha simu yake. Baraza zima likanyamaza.

"Mbona kimya?" Bibi Phaeng aliuliza. "Daktari amekuja?"

"Bado, mama." Akamketisha, akamfuata Orathai. "Dada, umesukuma viatu vya mama yangu kwa mguu?"

"Palikuwa wazi," Orathai alisema. "Ukitaka nafasi yako, ibane."

"Na hivi vyote vya nani?"

"Vya shangazi zangu. Wako sokoni wanakunywa supu, wanakuja. Usinipandishie sauti, mimi si mdogo wako."

Thongbai akamgeukia mlinzi, aliyekuwa ameegemea nguzo. "Kaka Dam, si umeona?"

"Mimi nalinda magari," alisema Dam. "Viatu silindi."

"Mwalimu!" Thongbai alisema. "Wewe unajua nani alikuwa nyuma yako."

Mwalimu Prasat alitazama feni ya darini. Aliitazama kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuinunua. Thongbai aliona aibu, na haikuwa aibu yake.

Dirisha likafunguka. Karani hakuinua uso. Kila mwenye viatu alisogea kwa zamu, akapokea namba, akavaa, akapisha. Zamu ya Orathai ilipofika, alinyoosha mkono kwa ajili ya wote.

"Wenyewe wako wapi?" karani aliuliza.

"Wanakuja."

Akampa namba zote. Thongbai alipofika, dirisha lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Zimeisha. Mwezi ujao."

"Dada, hao hawapo! Hata miguu yao hujaiona! Mama yangu huyu hapa!"

"Nafuata foleni, dada. Foleni ni viatu."

Dirisha likafungwa. Mwalimu Prasat alipita na namba yake mkononi akielekea ndani, akasimama kidogo mbele ya benchi. "Mwezi ujao muwahi zaidi," alishauri.

Bibi Phaeng akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. "Asante, mwalimu."

Thongbai alitamani kupiga kelele. Akachukua kandambili, akapiga magoti ili amvalishe mama yake. Mama yake akaukunja mguu, akaurudisha chini ya benchi.

"Virudishe."

"Wapi, mama?"

"Foleni. Vigusishe ukuta wa dirisha. Mara hii usiache nafasi."

Baraza lilikuwa limeshakuwa tupu. Thongbai akaziweka kandambili chini ya dirisha, zikagusa ukuta, akamshika mama yake mkono. Walikuwa wameshafika uani Dam alipowaita.

"Bibi! Umesahau viatu!"

"Viko kwenye foleni," Bibi Phaeng alijibu.

"Foleni imekwisha!"

"Ya mwezi ujao."

"Wafagiaji watavitupa, bibi!"

"Wewe unalinda magari, mwanangu. Linda magari."

Shangazi watatu wa Orathai walikuwa wakiingia getini, wakichokonoa meno. Saruji ya uani ilikuwa imeshapata moto kwa jua. Bibi Phaeng alitembea juu yake peku, taratibu, kisha akasimama na kugeuka.

"Viko mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, mama."

"Nafasi?"

"Sijaacha."

Akalikaza jicho lake moja, akatazama kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikuwa anatazama maegesho ya magari. Thongbai akamshika mabega, akamgeuza polepole mpaka akaelekea dirishani.