Uzi Mwekundu Juu ya Ramani

Kwa miaka ishirini na sita mume wa fundi cherehani aliendesha lori la masafa marefu, na miaka yote hiyo mkewe aliijua safari kwa kuagana tu: mlango ukibamizwa, honi mbili, basi, naye anarudi kwenye cherehani yake. Kwa hiyo mumewe alipoleta ramani akasema likizo hii wataifuata kwa miguu ile njia ndefu ya ukingoni mwa bahari, toka mnara wa taa mpaka bandarini, siku saba, wao wawili tu, fundi alishona mkono wa gauni la mteja ndani nje wala asijali.

Jumapili alasiri wakaitandaza ramani kwenye meza ya kukatia, pasi ikikandamiza pembe moja na kopo la vifungo pembe ya pili. Sentimita moja, kilomita moja. Dereva alikuwa keshapima kwa rula: kilomita themanini na nne, kumi na mbili kwa siku. Ratiba aliiandika kama alivyozoea, saa ya kuondoka, vituo, na kila baada ya saa mbili kusimama kukagua soli za viatu. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamuuliza kama kwenye kona watapiga honi. Mumewe akajibu kwa uso mkavu kwamba itategemea na kona yenyewe, kisha akatoka uani kuvizoeza viatu vyake vipya.

Fundi akabaki na ramani, na jicho la kazi likaanza kumsumbua. Ile njia ilijipinda kila mahali, na yeye hajawahi kupima shingo ya gauni kwa rula. Akachukua uzi mwekundu na pini, akaulaza uzi ndani ya kila ghuba, akaupandisha mtoni mpaka darajani na kuurudisha tena baharini. Alipounyoosha, zikatoka kilomita mia na thelathini na moja. Akapima tena akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Karibu kumi na tisa kwa siku, na goti la mumewe lililochoshwa na klachi! Moyo ukamshuka. Maana alimjua: fahari yake ilikuwa kwamba hajawahi kuacha mzigo njiani, na safari isiyofika haianzi. Akijua, ataikunja ramani, na yeye atabaki yule yule wa kupunga mkono mlangoni. Aliitaka safari ile mpaka akajionea haya. Mkasi ulikuwa pale pale. Angeupunguza uzi kidogo, nani angejua? Akaushika, akauweka chini. Hajawahi kumpunja mtu kitambaa, asingeanza na mumewe.

Mumewe aliporudi, fundi akamweleza yote. Dereva aliufuata uzi kwa kidole, taratibu. Kwenye ghuba ya tatu akasimama. Akasema amepita hapo mara mamia, barabara inakata kwa nyuma, wala hakujua kuna bahari karibu hivyo.

"Hatufiki," akasema hatimaye.

"Hatufiki," fundi akakubali.

Dereva akajikuna kidevu. "Mama watoto, safari hii tumebeba mzigo wa nani?"

"Mzigo gani tena? Nguo zetu tu."

"Basi bandarini hakuna anayetusubiri." Akamsogezea mkasi. "Wewe ndiye fundi. Kata panapotutosha."

Fundi akahesabu themanini na nne, akakata. Kwa furaha aliyokuwa nayo, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikata kombo. Kipande kilichobaki alitaka kukitupia kwenye kopo la vifungo, lakini mumewe akakiwahi, akakizungusha kwenye bobini tupu ya cherehani na kukitia mfuko wa shati, ule ule aliokuwa akiwekea hati za mzigo. Akasema hicho ni cha mwaka kesho. Kisha akafuta kwenye ratiba mstari wa kufika bandarini, ila ukaguzi wa soli akakataa katakata kuuondoa.

Jua lilikuwa bado lipo. Viatu vya fundi vilikuwa kwenye boksi lake, havijakanyaga hata sakafu, na dereva akasema navyo vinahitaji kuzoezwa. Akatangulia mlangoni, akatoka nje, akapiga mluzi mara mbili. Safari hii alisimama pale pale, akamngoja afunge kamba.