Uziza wa Nyuma ya Tangi

Ugoye aliposhuka kwa binti yake mjini Enugu, alikuwa na mizigo ya mtu anayehama. Viazi vikuu, samaki mkavu, mafuta ya mawese, viungo vya kila aina, na beseni dogo lililofunikwa jani la mgomba lililolowa maji, ambalo hakumruhusu mtu kuligusa. Mkwewe Ogbonna alipotaka kumpokea, alimkwepa.

"Wewe beba viazi, una mabega. Hili niachie mwenyewe."

Alikuja kwa omugwo. Binti akijifungua, mama yake hufunga safari kwenda kumlea: amkande kwa maji moto, amwogeshe mtoto, ampikie supu ya viazi vikuu yenye pilipili mpaka mzazi atokwe jasho hadi visigino. Ugoye aliingojea kazi hiyo tangu Olaedo alipovunja ungo, na wala hakuficha.

Lakini Olaedo aliyemkuta kitandani hakuwa yule aliyemzaa. Alilala ameupa ukuta uso, pazia limeshushwa mchana kweupe. Kichanga chake cha kike, Munachi, akilia, alimnyonyesha. Akishiba, alimrudisha kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Hakulia, hakugomba, hakucheka. Chakula alionja kijiko kimoja, akakisukuma. Nesi aliyekuja kuwaona alimvuta Ugoye pembeni, akamwambia hali hiyo huwapata wazazi wengi na ina tiba yake. Wasimwache peke yake, na wiki mbili zikiisha bila nafuu wampeleke hospitali. Ugoye aliitikia kwa kichwa. Mwanawe alikuwa anampotea huku anamtazama, na kama kuna uchungu unaozidi huo, yeye hakuwahi kuuonja.

Siku ya pili alipika supu kwa uziza wa sokoni. Uziza ni jani la mmea unaotambaa, kali kama pilipili manga, na supu ya mzazi bila uziza si supu, ni maji ya kuoshea viazi. Olaedo alinusa bakuli, akageuza shingo.

"Huu si wa kwetu," alisema. Kisha, polepole: "Mama, uziza wetu bado upo?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyatamka tangu mama yake afike.

"Upo," Ugoye akajibu haraka. "Utaula, mwanangu."

Sasa hapo alidanganya, tena hakudanganya. Uziza wa kwao ulikuwa umeparamia mti wa ube, ule wa matunda ya zambarau, nyuma ya jiko tangu enzi za bibi, mahali ambapo jua halikuwahi kukanyaga. Olaedo alikulia pale chini. Akichapwa, alikimbilia hapohapo, akatafuna majani mpaka ulimi ukamwaka moto, akasahau fimbo. Ila msimu huu shemeji yake Ugoye aliukata mti ajenge duka, bila kumuuliza mtu. Jua likaushukia uziza, na kabla wiki haijakwisha mmea mzima ulikuwa umebabuka. Ugoye aliwahi kuokoa vipando vitatu, na ndivyo vilivyokuwa ndani ya lile beseni.

Alimwambia Ogbonna amwonyeshe nyuma ya nyumba. Ogbonna akaona aibu. Upande mmoja ghorofa la jirani, upande wa pili tangi la maji, na ukuta umeota ukungu wa kijani.

"Mama, huku hakuoti kitu. Nilipanda bamia zikarefuka kama minara ya simu. Hazikuzaa hata moja."

Ugoye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Bamia ni mtoto wa jua. Umemfunga gerezani halafu unamdai wajukuu?"

Akashika ukuta, ukampa unyevu. Akachota udongo kiganjani, akaunusa. Pazuri mno! Pangekuwa na ube tu, pangekuwa kwao. Akaokota makopo ya rangi, akayatoboa chini, akachanganya udongo na majani yaliyooza. Nchanwu, nduguye kivumbasi, uliokuwa kati ya viungo alivyokuja navyo, akauweka ukingoni panapopita jua kidogo asubuhi. Utazi, mmea wa majani machungu ya supu, akauegemeza ukutani. Vile vipando vitatu vya uziza akavisogeza ndani kabisa, nyuma ya tangi, ambapo bomba lilidondosha matone. Hakumwambia Olaedo lolote. Alitaka kwanza aone jani.

Vipando vikashika. Kimoja kikatoa kichipukizi chenye ncha nyekundu, na Ugoye alikuwa akienda kukichungulia kila baada ya kazi, akijifanya anaanika nguo.

Ndipo akaja Mama Ogbonna.

Mama wa mume zamu yake huja baada ya mama wa binti kuondoka. Hilo linajulikana. Lakini Mama Ogbonna hakuwa mtu wa kungoja zamu.

"Mkwe wangu, nimekuja kusalimu tu."

"Kusalimu na magunia mawili?"

"Salamu za kwetu ni nzito."

Kwao ni upande wa Abakaliki, kwenye nchi tambarare, ambako matuta ya viazi vikuu humfika mtu kifuani, na mti ukiota katikati ya shamba hung'olewa kama jino bovu. Alikuwa mkulima hodari, hilo hata Ugoye alikubali. Na moyo wake ulikuwa mwema, ila mikono yake ilitangulia kabla ya kuuliza.

Asubuhi iliyofuata Ugoye alikwenda sokoni. Mama Ogbonna akazunguka nyuma, akaona makopo yamejikunyata gizani. Roho ikamuuma. "Masikini watoto wa watu!" Akayabeba moja moja, akayapanga mbele ya nyumba, juu ya sakafu ya saruji kando ya geti, jua lilipo kali kuliko kote. Mvua zilikuwa zimekwisha na anga lilikuwa jeupe. Adhuhuri akayamwagia maji, akaridhika na nafsi yake.

Ugoye alirudi, akasimama getini, kapu likamponyoka.

"Nani kavitoa vikopo vyangu?"

"Mimi," alisema Mama Ogbonna, akitabasamu. "Usinishukuru."

"Umeviua!"

"Nimeviua kwa jua? Mmea gani unaouawa na jua, mkwe? Umevificha nyuma ya tangi kama vitu vya wizi!"

"Huo ni uziza! Unataka kivuli! Lakini wewe kivuli utakijulia wapi, kwenu mti mkiuona mnaita watu waje na panga!"

"Eeh! Kwetu tunalima, hatuchezi na vikopo! Vijani vitatu tu, makelele yote haya? Nitakununulia fungu sokoni!"

"Sokoni!" Sauti ya Ugoye ilipasuka. "Sokoni utapata huu? Ube wetu umekatwa, Mama Ogbonna! Uziza wa nyumbani wote umekufa! Hivi ndivyo vilivyobaki, na mwanangu hali, hasemi, na kitu pekee alichoniomba tangu nifike ni hiki!"

Mama Ogbonna alivitazama tena vile vikopo.

Mlango ulilia nyuma yao. Olaedo alikuwa amesimama kizingitini, peku, kitenge kimefungwa ovyo, Munachi begani.

"Ube umekatwa?"

 Ugoye aliitikia kwa kichwa. Na Olaedo, ambaye hakutoa chozi tangu ajifungue, alilia pale kizingitini kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka mtoto naye akaanza. Mama Ogbonna akampokea Munachi. Ugoye alimkumbatia binti yake, na moyoni, Mungu amsamehe, alishukuru kuisikia sauti hiyo.

Alipotulia, Olaedo alipiga magoti kwenye saruji ya moto. Akakwaruza shina la kwanza la uziza kwa ukucha. Kahawia. La pili, kahawia. La tatu, lenye kichipukizi kilichonyauka, chini ya ganda kulikuwa na uzi mwembamba wa kijani.

"Huu bado," alisema, akapangusa pua kwa mkono. Akanyanyua kopo, akalipeleka nyuma mwenyewe. "Lakini jua la saa hizi linapenya hapa juu ya tangi. Nipeni kitambaa chepesi."

Mama Ogbonna alifungua kilemba chake, kile kizuri alichovalia safari, akakinyoosha. "Chukua. Kichwa changu kimezoea jua."

Ugoye alijitahidi asicheke, akashindwa. Olaedo akakifunga kilemba kutoka kwenye bomba hadi kwenye msumari, akavuta, akarekebisha, akakaa chini kwenye unyevu kukiangalia.

Wiki mbili zilipokwisha walikwenda hospitali vilevile, maana uziza si daktari, na wakaendelea kwenda. Siku nyingine Olaedo alirudi kulala na pazia limeshushwa. Lakini asubuhi nyingi alitoka nyuma na Munachi "kumwona mgonjwa", akawa anamsimulia mtoto mambo ya ube na fimbo za utotoni. Ugoye alisikiliza kupitia dirisha la jiko, ugali wa muhogo ukimgandia mkononi.

Mgonjwa alipona. Likatoka jani moja, laini, lenye umbo la moyo. Likatanuka likawa kama kiganja cha mtoto.

Siku ya mwisho ya omugwo, supu ikitokota, Ugoye alitoka na kisu kidogo. Alikuwa ameahidi. Aliinama nyuma ya tangi.

"Mama, usithubutu!" Olaedo alikuwa mlangoni.

"Nilikwambia utaula, mwanangu. Nisiondoke na deni."

"Likichumwa hilo, mmea utapata wapi nguvu ya kupanda? Tia ule wa sokoni."

"Ule ulisema si wa kwetu."

"Nimesema tia, Mama. Huu hauguswi. Huu ni wa siku nitakayokwenda kumlea Munachi, naye akizaa."

"Haa!" Mama Ogbonna akapiga makofi. "Mtoto hata shingo haijakaza, keshaozwa!"

Wakala palepale nyuma, bakuli magotini. Olaedo alikunywa supu ya uziza wa sokoni mpaka jasho likamtoka puani, akakomba chini kwa kidole. Kisha akamnyooshea mama yake bakuli tupu.

"Niongeze."

Ugoye alilichukua na kwenda zake jikoni upesi, wasimwone uso, akachota na viazi vyote vilivyobaki.