Inashika Nini?

Duka lenyewe ukilipita kwa haraka utadhani ni stoo ya mtu aliyeshindwa kutupa vitu. Lina mlango mmoja, kaunta iliyobanduka rangi, na nyuma ya kaunta ukuta mzima wa makopo ya maziwa yaliyopigiliwa misumari. Kila kopo limefungiwa bolti moja kwa waya mdomoni, ili lijieleze lenyewe. Mwenye duka ni mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Shingoni huvaa waya uliotungwa nati za kila saizi, na akitembea zinagongana, kwa hiyo unajua anakuja kabla hujamwona. Jina alilopewa na wazazi wake mafundi walishalisahau. Wao humwita Mama Inashika Nini.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukifika pale ukasema, "Mama, nipe bolti ya kumi na nne," kama mafundi wote wasemavyo wakimaanisha ile inayofunguliwa kwa spana ya kumi na nne, hakupi ng'o. Atakuangalia juu mpaka chini kama mtu aliyeingia duka la viatu akaomba "kiatu." Kisha atakuuliza: "Inashika nini?"

Usipojibu, utarudi ulikotoka mikono mitupu. Ukisema inashika ekzosi, anapanda kigoda kuchukua zile zinazovumilia moto. Ukisema inashika feni, anakuchagulia na kukuonya usiikaze kwa hasira za nyumbani kwako. Ukisema inashika kibao cha namba, anachota yoyote iliyo karibu na mkono. "Hiyo hata ikianguka mtajuana wewe na trafiki."

Lakini ukitaja breki, utani unaisha. Anavua ule waya shingoni, anachukua bolti yako ya zamani na kuijaribu kwenye nati moja baada ya nyingine, kwa vidole viwili tu, bila kulazimisha, mpaka apate nati ambayo bolti inaingia kama imezaliwa nayo. Hapo ameshajua unene wake na uzi wake, yaani ile mistari inayozunguka shina. Halafu anapitisha ukucha kichwani pa bolti kutafuta namba ndogo zinazosema chuma hicho ni kigumu kiasi gani. Bolti isiyo na namba haikaribii breki mbele ya macho yake. Kwa kweli ni raha kumtazama. Mafundi humlalamikia kwamba anawachelewesha, wanamwiga sauti wakiwa kijiweni, na gari likiwa la mama zao wenyewe wanapita maduka yote ya spea bila kugeuza shingo, wanakwenda kwake.

Fundi mmoja tu hakuthubutu kumwiga hata kijiweni. Huyo ni Baba Pacha, na sababu ni nyepesi: mwenye duka ni mama mkwe wake.

Siku hiyo Baba Pacha alikuwa nyumbani, uani, anabadilisha pedi za breki kwenye gari la mkewe. Kila mchana Mama Pacha hulitumia kuwafuata pacha wao shuleni, na shule iko chini ya mteremko mrefu unaoishia kwenye njia panda yenye malori. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ila bolti moja inayoshikilia kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi ili gurudumu lisimame unapokanyaga breki, ilikuwa imeganda kwa kutu na haikutaka kutoka. Fundi akaichomekea spana bomba la chuma ili apate nguvu zaidi. Akavuta. Bolti ikalia, ikakatika shingo.

Alibaki ameshika bomba, jasho linamtoka. Kisa hicho kilikuwa na historia. Mama mkwe alishawahi kumkuta na bomba hilohilo, akamwambia mbele ya mafundi wenzake, "Bomba ni la maji, mkwe," na wenzake walicheka wiki nzima. Sasa alitumia muda mrefu kukitoa kipande kilichobaki, akavisafisha vipande vyote viwili kwa petroli, akavifunga kwenye kitambaa na kwenda dukani.

Alimkuta dereva mmoja wa lori ameegemea kaunta, mtu wa maneno mengi, na wateja wengine wawili nyuma yake. Mama mkwe alipokea vile vipande kwa mikono miwili.

"Inashika nini, mkwe?"

Baba Pacha alifungua mdomo akiwa na nia ya kusema kweli. Akamwona dereva anamtazama. Akaliona lile bomba, kicheko, na wiki nzima nyingine.

"Bati, Mama," alisema. "Lile la kukinga injini kwa chini."

Mama mkwe alikitazama kile kichwa kilichokatika, akaona jinsi shingo ilivyojisokota. Akakinusa. Akachokoa kwa ukucha katikati ya uzi, mahali petroli haikufika, akatoa unga mweusi kidogo, wa pedi zilizosagika, na kuusugua kati ya vidole.

"Bati," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"La chini ya injini."

"Ndiyo."

"Haya." Akainama kwenye makopo ya chini, akajaribu nati, akatoa bolti nyeupe, mpya. "Saizi ni yake, uzi ni wake. Kwa bati, mwanangu, hii inatosha kabisa. Kwa bati."

Baba Pacha alitoka dukani mbio mbio, amefurahi kama mtoto aliyepona viboko.

Nyumbani mkewe alikuwa ameketi barazani, anakunywa chai bila haraka yoyote. Baba Pacha alimwambia karibu anamaliza, akaingia uvunguni mwa gari. Bolti iliingia vizuri. Akaanza kukaza. Bolti ya breki ina mahali pake pa kusimama. Fundi hupasikia mkononi, spana inakataa ghafla na wewe unaacha. Hii haikukataa. Alivuta kidogo, ikaja. Akavuta tena, ikaja tena, laini, ikimkubalia tu kila anachotaka. Alijua maana yake. Chuma kilikuwa kinavutika.

Akaitazama kichwani. Ilikuwa tupu, haina hata namba moja.

Na bado alisita, tusimfiche. Gurudumu likirudi mahali pake, nani angeiona? Mkewe asingeiona. Pengine ingeshika mwezi, pengine mwaka. Kisha akawaza mteremko ule, na pacha kiti cha nyuma wanagombania dirisha, na mama yao anakanyaga breki huku akiwafokea, kama kila siku. Akaona aibu mpaka masikio yakamchemka. Akaifungua ile bolti, akaitia mfukoni, akatoka uvunguni na kupita mbele ya mkewe bila kusema anakwenda wapi.

Dukani watu walikuwa wameongezeka, na yule dereva bado yupo, hana safari. Baba Pacha alitamani wote waondoke kwanza. Hawakuondoka.

"Mama," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "nimekudanganya. Si bati. Inashika breki. Breki za gari la binti yako. Ile ya zamani nimeikata mwenyewe, kwa bomba."

Dereva wa lori akacheka puani. "Bomba si la maji jamani?"

"Nyamaza wewe," alisema Mama Inashika Nini. "Huyu amerudi. Wewe yako ya juzi uliniambia inashika taa, mpaka leo sijajua inashika nini."

Aliingiza mkono chini ya kaunta, akatoa kifurushi cha gazeti kilichofungwa tayari. Ndani mlikuwa na bolti mbili nyeusi, nzito, na namba zao zinasomeka wazi vichwani.

"Nimekata moja tu, Mama."

"Mwenzake amekaa na kutu ileile, moto uleule. Badilisha zote." Kisha akashusha sauti, na ilikuwa mara ya kwanza Baba Pacha kumsikia akinong'ona. "Na ukaze kwa mkono wako, mwanangu. Unatosha."

Baba Pacha hakuuliza kifurushi kilifungwa saa ngapi. Swali hilo lilimjia njiani, akalitupa, maana alikuwa na haraka.

Bolti zilisimama mahali pake, zote mbili, spana ikakataa kama inavyopaswa kukataa. Alirudisha gurudumu, akakanyaga pedali mara kadhaa, akalijaribu gari uani mbele na nyuma, kisha akamletea mkewe funguo barazani.

"Chukua, Mama Pacha. Nisamehe, nimekuchelewesha. Watoto watakuwa wanalia getini."

"Wanakuja na jirani," mkewe alisema. "Nilimwomba mapema."

"Ulijuaje kama nitachelewa?"

Mama Pacha aliweka kikombe chini. "Mama alinipigia simu wewe hujafika hata nyumbani, ile mara ya kwanza. Aliuliza unatengeneza gari la nani, nikamwambia langu. Akaniambia, 'Funguo za gari usizishike mpaka mume wako aje dukani kwangu mara mbili.' Nikamuuliza kwa nini asikuambie palepale. Akasema palikuwa na watu, na yeye hawezi kumsuta tena mkwe wake mbele za watu, ya bomba yalitosha."

Baba Pacha aliketi kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta.

"Na kama nisingerudi?"

"Nilimuuliza hilo pia. Akasema angefunga duka aje mwenyewe na spana yake." Mkewe akazichukua funguo mkononi mwake. "Halafu akasema nisiwe na wasiwasi, bolti zako alikuwa ameshazifunga kwenye gazeti."