Mtu Aliyekuja na Kiswahili

Wanawake wengine hulalamika kwamba waume zao wana wanawake wa nje. Wangu ana taa. Ukimtuma Mwanza akapige picha za harusi, atarudi na harusi, sikatai, lakini atarudi pia na nguzo ya taa ya kuongozea meli, kaipiga asubuhi, mchana na jioni, kwa pande zote nne, utadhani ndiye bibi harusi. Amefanya hivyo Bukoba, Kisumu na Kigoma. Mombasa alikwenda na kwaya ya kanisa. Wenzake walirudi na picha zao wakiwa wameinua suruali ufukweni, yeye akarudi na mnara mweupe wenye taa kichwani na mbuzi mmoja chini yake. Nikamuuliza mbuzi ni wa nani. Akasema hakumwona mbuzi.

Jina lake Zéphyrin. Sisi ni watu wa Baraka, Kongo, na baada ya miaka kadhaa kambini, huu ni mwaka wetu wa tisa Nateete, Kampala. Yeye anapiga picha za harusi na za pasipoti, mimi Nabintu nauza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Husema mapenzi yake ya taa yalianza siku tuliyovuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita, mwenye boti akiifuata taa moja ya ng'ambo mpaka tukafika. Mimi nilikuwa kwenye boti hiyohiyo, na mtoto wetu Exaucée, mchanga, kifuani, na sikumbuki taa yoyote. Nakumbuka kutapika.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa hajapiga taa ya hapa hapa nyumbani, ile iliyoko kwenye mawe karibu na Port Bell, zinakotia nanga meli za kubeba mabehewa ya treni. Nilimkataza. Pale kuna bandari, na gereza kubwa haliko mbali, na sisi ni wakimbizi. Mkimbizi mwenye kamera ndefu karibu na gereza, hata kama anapiga picha ya kuku, atajieleza mpaka achoke. Aliitikia kila mara. Mume wangu ni mwepesi sana wa kuitikia.

Jumapili moja alitoroka baada ya mahubiri, akarudi saa tisa anahema, viatu vimejaa tope, mkoba wa kamera haupo. Kamera yenyewe ilikuwa shingoni, ashukuriwe Mungu. Nilimkalisha nikamhoji. Alikuwa ameipata taa vizuri kabisa, akasema, ila juu ya ngazi yake kulikuwa na mtu mwenye nguo za kaki. Mtu huyo alipomwona alipunga mkono kwa nguvu akapiga kelele: "Ngoja! Ngoja!" Zéphyrin hakungoja. Aliruka mtaro, mkoba ukamponyoka, na hakugeuka hadi alipopanda boda.

Kwenye mkoba ule kulikuwa na kibandiko alichokitengeneza mwenyewe kwa majivuno: ZÉPHYRIN, PICHA, NATEETE. Namba ya simu ilikwisha kufutika kwa jasho. Jina na mtaa vilikuwa vimebaki wazi kabisa.

Nilimsema hadi sauti ikanikauka. Kisha siku mbili zikapita, hakuna kitu, nikaanza kumwonea huruma.

Jumatano nilipotoka sokoni, mwenye nyumba wetu, Maama Kizza, alikuwa amekaa mlangoni kwangu akinisubiri. Ni Muganda, mama mzima, na huwa haongei nami Kiswahili isipokuwa kuna shida.

"Mama Exaucée," akasema, "mutu moja alikuja kutafuta bwana yako. Ile mutu anaongea Kiswahili."

Kwa mtu wa Mombasa au Dodoma hiyo si habari. Kampala ni habari kubwa. Watu wa umri wa Maama Kizza walikijua Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa watu wenye bunduki. Mgeni akija mtaani kwao akafungua mdomo na Kiswahili, basi ni askari, hata kama amevaa kanzu. Nilimkumbusha kwamba hata sisi tunakisema. Akanijibu kwamba chetu ni cha Kongo, cha huyu ni cha kambi ya jeshi, yeye anajua tofauti. Kwa hiyo alipoulizwa alijifanya hajui Kiswahili, akamwambia kwa Kiganda kwamba nyumba hii haina mwanamume wa jina hilo, akafunga mlango. Alitukinga kama ndugu, na sitamsahau kwa hilo.

Alhamisi mtu yule akarudi, akafukuzwa vilevile. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari zake. Fundi cherehani alisema ana buti. Mwuza mkaa alisema amekuja na gari. Muumini mwenzetu kanisani alisikia magari ni mawili. Mimi mwenyewe, ninayejua jinsi habari zinavyonenepa njiani, niliamini yote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulishaumwa zaidi ya mara moja.

Tuliamua kuondoka Jumamosi alfajiri, turudi kambi ya Nakivale tulikoanzia, tukae huko hadi mambo yapoe. Nilimsimamia Zéphyrin akafuta picha zote za Port Bell, moja baada ya moja. Alikuwa anazitazama kila moja kabla ya kuifuta, nami nikawa namwambia aharakishe. Picha za kanisani nikasema abaki nazo.

Sasa sikia lililoniuma. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unaanza Jumatatu, na Exaucée alikuwa mtahiniwa. Namba yake ya mtihani iko kwenye shule yake hapa Nateete. Huwezi kuibeba ukaenda nayo Nakivale. Ukikosa siku hiyo umengoja mwaka mzima, na mtoto wangu alishapoteza miaka miwili kwa kukimbiakimbia kwetu, anasoma na watoto anaowapita kimo. Nilipomwambia afunge nguo zake hakulia. Aliniuliza tu, kwa adabu, kama Baba hawezi kutangulia peke yake, sisi tumfuate baada ya karatasi ya mwisho. Nikamwambia wakimkosa baba watatuchukua sisi. Akasema ndiyo, Mama, akaendelea kufunga. Nilitoka nje nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Ijumaa asubuhi Zéphyrin alikuwa amejificha stoo ya kanisa, katikati ya spika na viti vya plastiki. Mimi nilikuwa nafunga bunda la mwisho niliposikia hodi. Hodi ya Kiswahili, ya kuvuta, mara tatu.

Nilifikiri haraka. Mlango ni mmoja, dirisha lina nondo. Nikamsukumia Exaucée chumba cha ndani, nikafungua.

Alikuwa mzee mwembamba wa miaka sitini hivi, kofia ya kufuma kichwani, nguo za kaki za kazini zilizopigwa pasi, na miguuni viatu vya mpira. Hapakuwa na gari, hata moja. Mkononi alikuwa na mkoba wa kamera wa mume wangu, umefutwa tope.

"Mama, usifunge," akasema. "Mimi naitwa Abdunoor. Mimi nasafisha taa ya pale Port Bell. Hii ni mara ya tatu nakuja."

Sikumkaribisha. Nilisimama mlangoni, mkono kwenye komeo, nikamwambia aseme anachotaka. Akasema mambo yake akiwa amesimama juani, na hakuonekana kukasirika.

Ametunza taa ile miaka thelathini na moja. Alianza zama za mafuta, akaja kwenye betri, sasa inatumia jua, na kwake kazi ni ileile: kupanda ngazi, kufuta kioo, kuwaondoa ndege. Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho, anastaafu. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha taa yake na yeye yumo. Jumapili akiwa juu akamwona mtu chini ameinua kamera, kamera ya kweli, si simu. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Nikamwambia ngoja," akasema, "ngoja nivae kofia. Yeye akaruka mtaro."

Nikamuuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa nini basi amekuja hapa mara mbili na Kiswahili, mtu wa Kampala kama yeye, kwani hajui Kiganda?

Alishangaa. Akasema Kiganda anakijua kuliko wengi, amezaliwa Bombo, ni Mnubi, wale waliotoka Sudan na jeshi la kikoloni. Babu yake ndiye aliyekuwa askari wa Waingereza, yeye hajawahi kushika kitu kikali kuliko kitambaa cha kufutia kioo. Lakini alisoma jina kwenye mkoba akajua mwenye mkoba ni Mkongo. Na mgeni wa watu, akasema, ni vizuri umwulizie kwa lugha anayoisikia. Aliona ndiyo heshima.

Kumbe ilikuwa heshima. Heshima ya mzee wa watu ndiyo iliyotufungisha mabunda. Niliutoa mkono kwenye komeo. Nilimkaribisha ndani, nikampa kiti na maji, nikamwita Papa, kama tunavyowaita wakubwa kwetu. Halafu nikalazimika kumwambia kwamba picha yake tumeifuta.

Alipangusa maji mdomoni. Akasema basi mume wangu aje leo, kabla yeye hajarudisha funguo. Alikuwa na barua ya ruhusa kutoka kwa msimamizi wake, ina mhuri, ina jina la Zéphyrin limeandikwa kwa herufi kubwa.

Nilikwenda mwenyewe kumtoa mume wangu stoo. Nilimsomea barua mara mbili. Akaivaa kamera yake, akaondoka na Mzee Abdunoor, wanazungumza mambo ya vioo na betri kama watu waliosoma pamoja.

Ungedhani nilitulia. Walipopotea tu kwenye kona, Maama Kizza akaja kuniuliza nina hakika gani na mhuri. Mhuri unachongwa kwa dakika kumi mjini, kila mtu anajua. Nikaanza kujilaumu: nimemtoa mume wangu mafichoni kwa mkono wangu, nimemkabidhi. Mabunda niliyaacha yamefungwa. Saa nane ikapita. Saa tisa mvua ikaanza, mvua ya Kampala, isiyopiga hodi. Nilimpigia Zéphyrin simu mara nne, haikupatikana.

Ilipokaribia saa kumi simu yangu ikalia.

"Mama Exaucée," akasema.

"Uko wapi?"

"Niko hapa kwenye taa. Niko na askari."

Nilikaa chini palepale nilipokuwa, sakafuni. Exaucée alinitazama usoni, akaelewa, akafumba macho. Mume wangu hajawahi kujua kuanza habari kwa mwanzo, lakini wakati ule sikulikumbuka hilo. Nilikuwa naona barabara ya Nakivale, na Jumatatu ikipita, na shule ikifungua karatasi bila mtoto wangu.

"Wangapi?" nikauliza.

"Mmoja. Wa getini."

"Anakufanya nini?"

"Ananishikia mwavuli," akasema Zéphyrin. "Mvua imetukuta, ameogopa kamera isije ikaloa. Nimepiga simu kukuambia nitachelewa. Papa Abdunoor anataka moja akiwa na kofia na moja bila kofia, na huyu askari naye anataka yake."

Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Nilimsikia akiita, Mama Exaucée, Mama Exaucée, kisha kwa mbali sauti nisiyoijua, bila shaka ya askari, ikimwambia kwa Kiswahili, taratibu, asogee upande wa kulia, mwanga ni mzuri zaidi huko.

Exaucée alikuwa bado amefumba macho. Nikamshika magoti, nikamwambia afungue bunda la bluu, daftari zake za hesabu ziko chini kabisa.